Nusu Saa ya Mama Povu

Mnyang'anye mtu mkoba barabarani, watu watakupigia kelele za mwizi. Mnyang'anye nusu saa yake ya kusali, mbele ya kanisa zima, huku unatabasamu na kumwita mpendwa, utapigiwa makofi. Ndivyo alivyofanyiwa Mama Povu, na mimi ninayesimulia bado sijapoa, maana waliomfanyia hivyo wanaamini mpaka leo kwamba walimpa zawadi.

Mama Povu alikuwa dobi wa hospitali. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa chumba cha kufulia, kwanza kwa sababu alishinda kwenye sabuni, na pili kwa sababu ukimchokoza hakukawia kukutolea povu. Akishaanza, hata msimamizi alikumbuka ghafla kwamba kuna kazi kaiacha ofisini.

Kila asubuhi magunia ya nguo chafu yalishushwa kutoka wodini, naye aliyachambua kwa mikono yenye glavu: mashuka ya damu huku, ya kawaida kule, mablanketi peke yake. Ya damu yalilowekwa kwanza kwenye maji baridi, kwa sababu ukiyatia ya moto doa linaganda na halitoki tena. Mashine kubwa ikishajazwa na kuanza kunguruma, hakukuwa na la kufanya mpaka izime. Wenzake walitoka uani kunywa chai. Yeye aliingia chumba cha mashuka safi, akarudisha mlango, akapiga magoti kati ya rafu mbili.

Msiniulize kwa nini hakusali nyumbani kwake. Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili na watu kila pembe: mume wake, fundi baiskeli aliyeleta magurudumu mpaka kitandani, mama mkwe na redio yake isiyozimwa, wanawe wawili wakubwa waliogombania kila kitu kuanzia kioo hadi chumvi, na mjukuu wa kike aliyekuwa ameanza kusema maneno mawili matatu. Aliwahi kujaribu kusalia chooni. Hata "Baba yetu" hakuifikisha katikati, mama mkwe akagonga na kuuliza kama tumbo limemvuruga, na kama ndivyo, amchemshie nini.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye jambo lenyewe. Binti yake wa kwanza alifariki katika hospitali hiyohiyo, wodi ya wazazi, akijifungua. Mtoto akapona, ndiye huyo mjukuu. Msibani watu walimwambia ashukuru kwa yote. Ashukuru! Wengine walimwambia Mungu hakosei, wakamwambia asilie sana kwa kuwa analia mbele ya majirani wasioamini. Mama Povu alilelewa kanisani, sala za heshima alizijua zote, na zote zilimkwama kooni. Kilichomtoka kilikuwa ugomvi. Kati ya zile rafu alimwambia Mungu maneno ambayo huwezi kuyasema mbele ya mtu: ulikuwa wapi, ulikuwa unaangalia nini, mimi nilikukosea nini. Akamaliza kulaumu, akanyamaza, akasikiliza. Siku nyingi hakusikia kitu. Siku nyingine alihisi kwamba kuna mtu amekaa naye humo ndani na hajakasirika, na hiyo ilimtosha.

Hasira aliimwaga humo na kuiacha humo. Akirudi nyumbani jioni aliweza kumbeba yule mtoto na kumwangalia usoni, uso wa mama yake mtupu, bila kuona kwamba huyu ndiye aliyekuja na mwingine akaondoka. Bila ile nusu saa asingeweza. Alilijua hilo waziwazi, na lilimtisha.

Aliyejua siri hii alikuwa mtu mmoja tu, mpiga pasi wao, mwanamume wa makamo asiye na maneno mengi ambaye wote walimwita Mzee wa Pasi. Muuguzi akija kumtafuta Mama Povu, yeye alijibu bila kuinua macho: "Yuko ndani anapanga mashuka. Subiri."

Kisha siku moja akaja Mama Mwenyekiti.

Huyu alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake kanisani kwao. Sikatai, alikuwa na moyo. Ukiumwa, wa kwanza kufika alikuwa yeye. Ukifiwa, sufuria za kwanza ni zake. Tatizo ni kwamba hakuwahi kuona kitu kizuri asikiundie kamati. Siku hiyo alikuja kuwaona wagonjwa, akaona si vibaya kumpitia mwenzake. Mzee wa Pasi alikuwa ameinama anavuta waya wa umeme, hakumwona. Mama Mwenyekiti akasukuma mlango, akamkuta Mama Povu amepiga magoti, paji la uso limegusa rafu, machozi yanachuruzika. Maneno hakuyasikia. Laiti angeyasikia! Alirudisha mlango polepole, akaondoka kwa kunyata, huku akijifuta macho.

Ungedhani yangeishia hapo. Jumapili, baada ya matangazo, Mama Mwenyekiti aliomba dakika moja akachukua kumi.

"Wapendwa," alisema, sauti ikimtetemeka, "tunaye humu ndani shujaa wa maombi. Wakati sisi tunakunywa chai na kusengenya, mwenzetu anamlilia Bwana katikati ya mashuka! Simama mama, watu wakuone."

Mama Povu hakusimama. Mume wake, aliyekuwa anasinzia, akashtuka na kusimama yeye, watu wakacheka, wakapiga makofi na vigelegele. Mama Povu alijisikia kama mtu aliyefunuliwa pazia akiwa bafuni. Usoni alitabasamu. Angefanyaje?

Kesho yake alipokwenda kwenye chumba chake, alikuta wanawake wawili wa umoja wamesimama mlangoni na mikoba yao.

"Shikamoo dada," alisema mdogo wao. "Mama Mwenyekiti katutuma tuje kukushika mkono. Maombi ya mtu mmoja yanachosha."

"Marahaba," alijibu Mama Povu. "Mimi sijachoka."

"Ndiyo hivyo, ukiwa vitani huwezi kujua kama umechoka."

Wakaingia. Wakafungua kwa wimbo, Mama Povu akasingizia kikohozi, wakasali kwa zamu, wakafunga kwa wimbo, mashine ikazima, nusu saa ikaisha. Mama Povu alirudi kwenye magunia yake bila kumwambia Mungu neno lolote.

Wiki ile walikuwa wawili. Wiki iliyofuata wakawa wamejaa chumba, wamekaa mpaka juu ya marobota ya mablanketi. Msimamizi, ambaye naye aliabudu kanisa hilohilo, akaona fahari, akamwomba mkuu wa wauguzi ruhusa, ruhusa ikatoka. Vikaja viti vya plastiki. Ikaja ngoma ndogo, ikawekwa juu ya mito ya wagonjwa. Ikaja ratiba: ukaribisho, utambulisho wa wageni, neno fupi ambalo halikuwahi kuwa fupi, maombi ya mzunguko, matangazo. Matangazo! Ndani ya chumba cha mashuka! Na kwenye simu likafunguliwa kundi linaloitwa "Chumba cha Siri", likawa na watu hadi kutoka makanisa jirani, simu ya Mama Povu ikawa inalia mchana kutwa kwa amina, amina, amina, na picha za maua. Asiyejibu amina alipigiwa na katibu kuulizwa kama amepoa kiroho.

Alijaribu kusema. Asije mtu akasema hakujaribu. Alimvuta Mama Mwenyekiti pembeni, karibu na mapipa ya sabuni.

"Dada yangu, mimi pale nilikuwa nasali peke yangu."

"Najua! Ndiyo maana tumekuja."

"Nataka kusali peke yangu tena."

Mama Mwenyekiti alimshika mabega yote mawili, macho yamejaa huruma. "Mwenzangu, usiwe mchoyo wa baraka. Ukipata kisima unachota na wenzako."

"Si kisima, dada. Ni mimi na Mungu, tuna mazungumzo yetu."

"Basi tuyaweke kwenye ratiba," alisema Mama Mwenyekiti. "Tutakupa dakika tano za mwanzo, sisi tutanyamaza tukusikilize."

Niambieni, mtu kama huyo unamfanyaje? Povu lote alilokuwa akiogopewa kwa miaka lilimwishia, kwa sababu huwezi kumfokea mtu anayekulilia machozi ya upendo.

Akaenda kwa mchungaji. Mchungaji alimkaribisha vizuri, akamsikiliza huku simu yake ikitetemeka mezani, akiitazama, akiigeuza, akiitazama tena. Mama Povu aliomba kitu kimoja: ufunguo wa kanisa, nusu saa tu katikati ya wiki, wakati hakuna mtu.

"Katikati ya wiki kwaya wanajaribu vipaza sauti," alisema mchungaji. "Halafu, mama, upweke nao una hatari zake. Adui anapenda kumkuta mtu peke yake."

"Na Bwana Yesu alipopanda mlimani peke yake, mchungaji, alikwenda kumkuta nani?"

Mchungaji alicheka kidogo, akaandika kitu. "Una hoja nzuri. Nitakutafutia mama mmoja mcha Mungu awe anakusindikiza."

Amsindikize! Kwenda kuwa peke yake! Mama Povu aliaga kwa adabu, akafika nje ya geti ndipo akaongea na ukuta maneno ambayo siyarudii hapa.

Siku zikaenda. Na kile alichokuwa akikiogopa kikaanza kutokea. Hasira iliyokuwa ikibaki kati ya rafu sasa ilipanda naye njia ya kurudi nyumbani, ikaingia naye mlangoni. Alimfokea mume wake kwa sababu ya mnyororo uliolazwa juu ya meza ya chakula. Hilo la kawaida, mume alizoea, akautoa mnyororo na kuuweka juu ya kiti. Alizima redio ya mama mkwe, jambo ambalo hakuna mkwe aliyewahi kulithubutu, na bibi mzima akakaa akitazama redio kana kwamba ndiyo iliyofiwa. Halafu ikaja jioni ile. Mjukuu alikuja mbio kutoka uani na mikono ya matope, akamkumbatia magoti, akasema, "Mama."

Huwa anamwita hivyo, kwa sababu wajomba zake wanamwita hivyo. Mama Povu alimtoa mikono kwenye magoti yake.

"Mimi si mama yako. Mama yako amekufa."

Alilisema hilo kwa mtoto ambaye hata viatu hajui kuvaa. Mtoto hakulia. Alirudi nyuma hatua chache, akakaa chini, akaanza kuchezea pindo la gauni lake. Mama Povu akaingia jikoni, akashika ukingo wa karo kwa mikono yote miwili, akataka kusali, na nyuma yake wanawe walikuwa wanagombana ni nani kamaliza maji ya moto. Hakuna alipoweza kwenda. Kuanzia jioni hiyo mtoto hakumwita tena kwa jina lolote.

Sasa njooni kwenye uzinduzi. Ndiyo, kulikuwa na uzinduzi, kwani mlidhani Mama Mwenyekiti angeacha chumba kikae bila kuzinduliwa? Mchungaji alikuja na koti. Msimamizi alivaa tai. Mlangoni pakatundikwa bango lenye maandishi ya kumetameta, na utepe mwekundu wa kukata. Wanawake walikuja na sare, wakajaa ndani, waliobaki wakasimama kwenye korido kati ya matoroli ya nguo chafu. Mashuka yenyewe, yale ambayo wagonjwa walikuwa wanayasubiri, yalisogezwa kwenye kona kupisha meza ya keki.

Wakaimba. Mchungaji akasema neno. Kisha Mama Mwenyekiti akainuka, amejaa furaha mpaka shingoni.

"Na sasa mwasisi wetu atatuongoza kwa sala, vilevile kama anavyosali akiwa peke yake."

Vilevile. Neno hilo ndilo lililomwasha. Mama Povu alikuwa ameamka siku hiyo na nia ya kuvumilia, aseme sala fupi ya adabu, arudi kwenye mashine. Lakini vilevile? Haya. Alipiga magoti palepale alipozoea, kati ya rafu mbili, akafumba macho.

"Mungu," alisema, "mimi na wewe hatujamalizana."

Mtu mmoja nyuma akasema "Amina!" kwa mazoea.

"Nimekaa siku nyingi sijakwambia kitu kwa sababu humu mmejaa watu. Sasa wameniambia niseme, nitasema. Siku ile ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa hapo nje, kwenye mashine. Yalishushwa mashuka kutoka wodi ya wazazi, yana damu nyingi, nikayaloweka kwenye maji baridi kama ninavyoyaloweka yote. Niliyasugua, Mungu, nikayasugua huku naimba. Wimbo wako. Nikayafua yakawa meupe, nikayapeleka kwenye pasi, ndipo nikaitwa ghorofani kuambiwa. Yalikuwa ya mwanangu. Nilifua damu ya mwanangu naimba, na wewe ulikuwa unaniangalia na hukuninyamazisha! Ndiyo maana siimbi. Hawa wanadhani nina kikohozi."

Ngoma iliteleza kwenye mito ikadondoka, hakuna aliyeiokota.

"Niliambiwa nishukuru. Sishukuru. Siku nikiweza nitakwambia mwenyewe, usinitumie watu. Na mtoto umeniachia, nampenda, lakini juzi nimemwambia maneno ambayo mbwa hawezi kumwambia mtoto wake, kwa sababu sikuwa na mahali pa kuyapeleka ila kwake. Nilikuwa nayaleta hapa. Hapa wameweka keki. Nisamehe kwa mtoto. Kwa mengine, bado tunaongea. Nimemaliza."

Alinyanyuka, akapangusa magoti. Mchungaji alikohoa, akafunga vifungo vya koti lake. Mama Mwenyekiti alianzisha pambio kwa sauti nyembamba. Hakuna aliyempokea, akaishia ubeti wa kwanza. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, kama wanaotoka wodini kwa mgonjwa mahututi. Mwishoni alibaki Mzee wa Pasi, akibeba viti viwiliviwili kuvipeleka nje. Alipofika kwenye bango alilishusha, akalikunja, akaliweka na nguo za kuchomwa.

Jioni ile Mama Povu alimwogesha mjukuu mwenyewe. Alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akamwambia, "Juzi nilikusemesha vibaya. Nimekosa mimi, si wewe." Sijui mtoto wa umri ule anaelewa nini. Alimpaka bibi yake povu puani, akacheka. Mama Povu akamkumbatia akiwa na maji hivyohivyo, wakalowana wote wawili.

Kesho yake, mashine ilipoanza kunguruma, alikwenda kwenye chumba chake akiwa amejiandaa kwa vita. Hakukuwa na mtu. Alisali mpaka alipotosheka, na alipofungua mlango alimkuta Mama Mwenyekiti amesimama koridoni, peke yake, bila sare, bila mkoba, bila mtu wa kumshika mkono.

"Ala! Umekuja tena?" aliuliza Mama Povu, povu liko tayari. "Leo tunazindua nini?"

Mama Mwenyekiti alitazama chini. Mwanamke yule ambaye sauti yake ilisikika kanisani bila kipaza sauti alizungumza akisikika kwa shida.

"Nilikuwa nauliza kama umemaliza. Na mimi nina langu."

Mama Povu alimtazama. Alitamani kumjibu, haki ya nani alitamani: kwamba hayo angeyasema mapema, kwamba kama alikuwa na lake kwa nini alikuja kulizika chini ya ratiba na keki, na kwa nini kwanza alitafuta chumba cha mwenzake wakati yeye ana nyumba yenye vyumba vya kupangisha. Yote hayo yalikuwa kweli, na yote yalifika kwenye ulimi. Kisha mwenzake akavua viatu, akavishika mkononi, akasubiri.

"Mbele kabisa, kati ya rafu," alisema kwa ukali. "Usikanyage mashuka."

Mama Mwenyekiti akaingia. Mlango ukafungwa. Muda si mrefu ikasikika sauti kutoka ndani, si ya kuimba wala ya kuongoza watu, sauti ya mtu mzima anayelia kama hakuwahi kuruhusiwa. Mama Povu alitazama huku na huku. Mashine ya pili ilikuwa na nguo chache, haikufaa kuwashwa, msimamizi angelalamika kuhusu umeme. Akaiwasha. Ilinguruma, ikatingisha sakafu, sauti ya ndani ikafunikwa. Akaegemea mlango kwa mgongo, mikono kifuani.

Muuguzi kijana akaja mbio na toroli. "Shikamoo mama. Nahitaji mashuka sasa hivi."

"Marahaba. Yako ya akiba pale kwenye pasi, chukua hayo."

"Kwani humu ndani kuna nani?"

Mama Povu alimkazia macho mpaka kijana akasogea nyuma na toroli lake.

"Kuna mtu," alisema. "Hayo mengine hayakuhusu."